Bitcoin Core mpya kwenye Debian 10, inagoma!

SWALI: Mambo fundi, laptopu yangu ina Debian 10 (Linux), nimeshusha Bitcoin Core mpya, ile programu ya kutunza bitcoin, kila nikiiwasha inalalamika mambo ya GLIBC afu inajifunga. Mshkaji kanambia niweke ripo (stoo ya programu) ya sid, ile Debian ya majaribio. Niweke?

JIBU: Poa. Sid usiguse kabisa, maana glibc ndo laibrari ambayo karibu kila programu humo ndani inaitegemea, ukiivuta mpya peke yake inakokota na wenzake, kesho mashine haiwaki unaanza kunilaumu mimi. Debian 10 imekuja na glibc 2.28, 11 ina 2.31, 12 ina 2.36, na hiyo Core ilijengwa kwa ya juu zaidi ya uliyonayo. Kukompaili mwenyewe, yaani kuijenga toka kodi yake? Utakwama pia, gcc yako (programu ya kukompaili) ni toleo la 8, ya kizamani mno.

We panda toleo la Debian tu: kwanza kopi wallet.dat (faili la pochi yako ya bitcoin) kwenye flashi, toka 10 nenda 11, ndo uende 12, usiruke. Isitoshe masasisho ya usalama ya 10 yaliisha Juni 2024, na hapo unaweka hela jamani! Ukishusha Core tena, hakiki faili kwa sha256sum (amri ya kuona kama faili limechezewa) kabla hujaifungua.