Ukishatibiwa Mbalanga kwa Mwanga, Chunga Njia ya Kurudi Nyumbani

Mbalanga yangu, yaani mabaka meupe ya ngozi iliyopoteza rangi, ilianza shavuni, ikaja mkononi hadi ncha za vidole. Nikapewa vidonge vya psoraleni, dawa isiyofanya kazi mpaka ngozi ipigwe na mwanga. Unameza, unangoja kama saa mbili, kisha unasimama mbele ya taa za UVA, miale isiyoonekana ambayo pia imo kwenye jua, kwa dakika chache.

Ukitoka pale dawa bado imo mwilini, na jua la Mombasa linakungoja mlangoni. Mara ya tatu nilirudi Bamburi saa saba mchana, nikakaa dirishani kwenye matatu. Kioo kimefungwa, nikajiona salama. Kumbe kioo cha kawaida huipitisha UVA. Jioni sikuona kitu. Siku ya pili baka la mkononi likawa jekundu, usiku likatoa malengelenge, hata shuka sikuweza kuligusisha. Kuungua huku huchelewa, kwa hiyo usijipime kwa jioni ile.

Omba miadi ya alasiri. Kaa kiti cha ndani, mikono ya buibui ishuke hadi vidoleni. Miwani ya kuzuia UVA ivae tangu unapomeza dawa mpaka kesho yake, hata ukiwa ndani karibu na dirisha. Mjamzito asianze dawa hii. Na kila kikao kiandike kwenye daftari, maana vikiwa vingi sana huongeza hatari ya saratani ya ngozi. Muulize pia daktari kuhusu taa za UVB, aina nyingine ya miale, ambazo hazihitaji kidonge.

Shangazi yangu, kwa mapenzi tu, aliniambia nipake ndimu nikaote jua. Tafadhali usifanye. Ndimu ina psoraleni zake, hasa gandani, na hakuna anayejua umepaka kiasi gani. Hata ukikamulia samaki, nawa kwa sabuni kabla ya kutoka uani. Wamisri walitumia mbegu za mmea wenye psoraleni kutibu mbalanga karne nyingi kabla ya daktari El Mofty wa Kairo kuijaribu dawa iliyochujwa kutoka humo, miaka ya 1940. Kipya ni kwamba sasa dawa hupimwa kiasi chake.

Mwezi wa tatu niliona shavuni vidoa vyeusi vidogo kama punje za ufuta, kila kimoja kimezunguka shina la unywele. Rangi hurudi kupitia hapo. Sasa shavu limejaa. Ncha za vidole, zisizoota nywele, bado nyeupe.