Sumu za utotoni na mbegu za kiume: maswali yenu

Nina mimba ya wiki 10. Mume wangu anapulizia dawa kwenye nyanya na kurudi na nguo zilezile. Mtoto yuko salama? (Mjamzito, Iringa)

Dada, wiki hizo ndizo tunazoziogopa. Kuanzia wiki ya 8 hadi ya 14 hivi, korodani za mtoto wa kiume huanza kutoa testosteroni inayojenga uume na kuandaa njia ya korodani kushuka. Baadhi ya viuatilifu huizuia homoni hiyo isifanye kazi. Avue nguo nje, aoge kwa sabuni kabla ya kukushika, na azifue mwenyewe kwenye beseni la peke yake. Bomba la mgongoni lisilale ndani. Chupa ikiisha aisuuze mara tatu, maji yake ayarudishe kwenye bomba, kisha aitoboe. Akiiacha nzima, keshokutwa utaikuta gengeni imejazwa mafuta ya taa, au maziwa.

Mbona watu wazima wanashika sumu hizohizo na bado wanazaa?

Mtu mzima hutengeneza mbegu upya kila baada ya siku 74 hivi, kwa hiyo akiiacha sumu mapema mara nyingi hupata nafuu. Mtoto bado anajenga kiwanda chenyewe. Seli za Sertoli, walezi wa mbegu, huongezeka akiwa tumboni, uchangani, na tena kuelekea balehe. Baada ya hapo idadi yake ni ileile, na kila seli ina kiasi chake cha mbegu inazoweza kulea.

Seveso, Italia, ilionyesha hivyo waziwazi. Tarehe 10 Julai 1976 kiwanda cha kemikali kilimwaga wingu la dioksini, sumu kali ya viwandani, juu ya makazi ya watu. Miaka 22 baadaye, wanaume waliokuwa na umri wa miaka 1 hadi 9 siku ile walikuwa na wastani wa mbegu milioni 53.6 kwa mililita; wenzao ambao hawakuguswa, milioni 72.5. Waliokuwa na miaka 10 hadi 17 hawakupungukiwa. Wingu lilikuwa moja.

Sumu inapita kwenye maziwa. Niache kunyonyesha?

Usiache. Inapita, kweli, na huko Seveso hilo lilionekana pia. Lakini ile ilikuwa ajali ya kiwanda. Maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji machafu humuua mtoto mapema zaidi.

Mwanangu ana miezi 8, korodani moja siioni.

Mama, mkague akitoka kuoga maji ya vuguvugu, akiwa amekaa miguu imekunjwa, na mikono yako iwe na joto, maana baridi huivuta korodani juu. Telezesha vidole kutoka kwenye kinena kwenda chini. Ikishuka na kutulia, kwa kawaida ni ile inayopanda na kushuka tu, ila umwonyeshe daktari. Isiposhuka, muone daktari wa upasuaji wa watoto sasa: baada ya miezi 6 ni nadra ishuke yenyewe, na upasuaji hufaa kabla ya miezi 18. "Itashuka akikua" imewaharibia wengi, kwa kuwa joto la ndani ya mwili huziua seli za mbegu. Usimkande. Wala usijilaumu, hakuna kipimo cha kuthibitisha kwamba kemikali fulani ndiyo iliyomfanya hivyo.

Nimekulia jirani na wayeyusha betri. Nipime nini kabla ya kuoa? (Kijana, Mombasa)

Kipimo cha damu huonyesha zaidi risasi, ile metali yenye sumu ya ndani ya betri, iliyoingia karibuni. Ile ya utotoni imejificha mifupani. Pima shahawa. Kaa siku 2 hadi 7 bila kumwaga, tumia kikopo cha maabara, si kondomu ya kawaida, na tone la kwanza lisipotee, maana ndilo lenye mbegu nyingi. Kifikishe ndani ya saa 1, kikiwa karibu na mwili kisipoe. Viwango vya chini vya Shirika la Afya Duniani (WHO) vya 2021 ni mililita 1.4 za shahawa na mbegu milioni 16 kwa kila mililita. Ukiwa chini ya hapo hujawa tasa: rudia baada ya miezi 3, kwani hata malaria ya mwezi uliopita hushusha majibu.