Bosi ananitaka mbioni mwezi ujao

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi kijana wa Chumbageni hapa Tanga, nimekuwa joki, mpanda farasi wa mashindano, Nairobi pale uwanja wa Ngong miaka minne. Mwaka jana farasi alijikwaa tuko kwenye shoti, yaani mbio kali, akaniangukia, paja likavunjika nikawekwa chuma. Sasa miezi minane, eksirei inaonyesha mfupa umeunga na dokta karuhusu nipande, na bosi anataka nirudi mbioni mwezi ujao, ila usiku nikiota farasi naamka nimelowa jasho. Nirudi au niache?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Rudi, lakini mwezi ujao hapana. Eksirei imeonyesha mfupa tu, haionyeshi misuli, na we mwenyewe unajua joki hakai kwenye tandiko, anasimama kwenye vikuku, vile vyuma vya kukanyagia, magoti kayakunja mbio nzima, kwa hiyo mzigo wote uko mapajani. Chukua futi ya fundi cherehani upime mapaja yote mawili, lile la chuma likiwa jembamba bado hujawa tayari. Uko Tanga, baiskeli zimejaa na barabara tambarare, kila asubuhi nenda mpaka Raskazone, vipande vingine uendeshe umenyanyuka kwenye siti, maji yakijaa uogelee.

Hiyo hofu sasa. Mimi nilivunjika nyonga nikiruka kiunzi juu ya farasi, siku niliyorudi nikapewa farasi jike mzee mpole, nikapanda, akatoka mbio, nami nazidi kumbana kwa miguu kwa woga, naye anaelewa namwambia kimbia! Mwalimu akanishusha, wiki mbili nikawa napiga brashi na kumtembeza kwa kamba tu, kisha nikapanda tukaenda hatua, halafu mwendo wa matiti, zile mbio za polepole, shoti ikaja baadaye sana. Fuata hivyohivyo na usione aibu.

Bosi mwambie habari ya Bob Champion, joki wa Uingereza aliyegundulika saratani 1979, mwalimu wake Josh Gifford akamtunzia nafasi yake, na 1981 akashinda Grand National, mbio kubwa za farasi za kuruka viunzi huko Uingereza, juu ya Aldaniti, farasi ambaye naye alikuwa ameumia mguu vibaya. Walisubiriwa wote wawili.

Na ile helmeti uliyoanguka nayo usiivae tena hata kama haina mkwaruzo, povu la ndani likishabonyea halirudi. Nunua mpya kabla hujagusa hatamu.