Barua kwa Mwanangu Kuhusu Mlinda Lango Wetu

Langoni, Lamu

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, barua yako imenifikia nami nimeisoma mara mbili. Unaniuliza iwapo umlazimishe mjukuu wangu kurudi uwanjani au umwache aache mpira kabisa, kwa kuwa tangu mpira ule ulipomponyoka mikononi pale uwanja wa Alaskan, kila asubuhi ya mechi hushikwa na tumbo na kutapika, ilhali siku nyingine huwa mzima.

Kwanza, asiitwe mwongo, kwani tumbo linamuuma kweli. Mtu aingiwapo na hofu, mwili hujiandaa kupigana au kukimbia: moyo humwenda mbio, damu huelekea kwenye misuli, na tumbo huvurugika. Mfundishe kuvuta pumzi polepole na kuitoa kwa muda mrefu kuliko alivyoivuta, mara tano au sita, kisha atazame mpira na asianze kujikumbusha namna ya kuviweka vidole. Nahodha aliyeendesha mashua maisha yake yote, akianza siku ya mashindano kuuhesabia mkono wake kila unachofanya kwenye usukani, hukosea jambo alilolizoea.

Hayo ni mepesi. Lililonisumbua ni lile uliloliandika kwa kupitia tu, kwamba baba yake hurudi naye kwenye tuktuk akimweleza makosa yake njia nzima. Nadhani mtoto haogopi mpira, anaiogopa safari hiyo ya kurudi nyumbani.

Simlaumu mkwe wangu, maana mimi nilifanya vibaya zaidi. Kaka yako aliposhindwa katika mashindano ya kuogelea ya Maulidi mwaka ule, akatoka majini wa mwisho watu wakicheka, sikumgombeza. Nilinyamaza tu, kutoka gatini hadi mlangoni kwetu. Hakushindana tena. Alipokuwa mtu mzima ndipo aliponiambia kuwa afadhali ningempiga, kwa sababu katika kimya kile alijihukumu mwenyewe, na hukumu ya mtoto juu ya nafsi yake haina huruma.

Kwa hiyo mwombe mumeo, kwa upole, kwamba mechi ikiisha wanunue viazi karai na wazungumze lolote atakalolianzisha mtoto. Makosa yasubiri mazoezi, mwalimu wake atayarekebisha. Na kwa kuwa chumbani ana picha ya Eliud Kipchoge, msimhesabie medali za bingwa huyo, kwani zinaweza kumwongezea mzigo. Mkumbusheni kwamba mwaka 2012 alikosa nafasi katika timu ya Kenya ya Olimpiki, akahamia marathoni. Kwamba Oktoba 2020 huko London alimaliza wa nane, akishindwa marathoni kwa mara ya kwanza tangu 2013. Na kwamba Agosti 2021 alishinda dhahabu ya Olimpiki kule Sapporo.

Sasa swali lako. Usimlazimishe, wala usimtoe. Zungumza na mwalimu wake ili kwa wiki mbili au tatu afanye mazoezi na wenzake bila kupangwa kwenye mechi, kisha aanze na mechi ya kirafiki, siku atakayoichagua yeye. Msimu ukiisha, akisema kwa utulivu kwamba hataki tena, mkubalieni, kwa kuwa kuacha ukiwa umetulia si sawa na kukimbia. Lakini ukiona halali usingizi wala hali chakula hata wiki zisizo na mechi, au anaanza kuichukia na shule, hilo limevuka mpira. Mpeleke kwa daktari au kwa mwalimu wa ushauri nasaha, wala usingoje.

Desemba mlete. Nitampeleka Shela, asimame mchangani baina ya makubadhi mawili, nami nimpigie penalti. Goti langu unalijua, nyingi zitaishia baharini, na atakayezifuata ni yeye.

Mamako anakusalimu sana.

Babako