Kabla hujanunua multivitamini, sema unatumia dawa gani

Nauza dawa Mbagala. Mafua yakiingia mtaani, vitamini C haikai kwenye shelfu, na wengi huja kuitaka pua imeshaanza kuchuruzika. Nawaambia ukweli, hata kama unanipunguzia mauzo. Tafiti zilizojumlishwa mwaka 2013 zilionyesha kuwa mtu mzima anayeimeza kila siku, tangu kabla hajaugua, akipata mafua hupona mapema kwa asilimia 8 hivi. Kwenye mafua ya wiki nzima, hiyo ni nusu siku. Anayeanza kuimeza akiwa tayari mgonjwa, faida haikuonekana kwa uhakika. Machungwa ya genge yana vitamini hiyohiyo, na utamu juu yake.

Tangawizi, limau na asali sina ugomvi navyo, koo linatulia. Ila mtoto ambaye hajatimiza mwaka asilambishwe asali kabisa.

Zinki kwa mtoto anayeharisha, hiyo si porojo. Virusi vya rota ni kati ya visababishi vikubwa, na dawa ya kuviua hakuna: anapewa ORS (ile ya unga ya kurudisha maji mwilini), na zinki miligramu 20 kwa siku (10 akiwa chini ya miezi sita) kwa siku 10 hadi 14. Akina mama wengi huacha choo kikishakaza. Dada, malizia dozi, inamkinga asiharishe tena miezi miwili mitatu ijayo.

Sasa linaloninyima usingizi. Mtu anatumia TLD, kile kidonge cha kila siku cha kufubaza VVU, anajisikia mchovu, anakuja kununua multivitamini au vidonge vya kuongeza damu bila kusema. Ndani ya TLD mna dolutegraviri, nayo ikikutana tumboni na madini yaliyomo kwenye vidonge hivyo (chuma, kalsiamu, zinki au magnesiamu) hunaswa, isifyonzwe ipasavyo. Unameza dawa kila siku, kirusi kinapata nafasi. Meza TLD saa mbili kabla ya hivyo vidonge, au saa sita baada yake. Chuma na kalsiamu unaweza kumeza pamoja na TLD ukiwa unakula, si tumbo tupu. Vile vidonge vya kutafuna vya kiungulia navyo vimo: hivyo viachanishe na TLD hata kama umekula.

Najua kwa nini watu hawasemi. Dirishani kuna foleni, na jirani ana masikio. Basi niandikie kwenye karatasi, au nionyeshe kichupa, au uliza CTC, kliniki ya VVU, siku ya kuchukua dawa.