Ukitaka kuchonga picha ya mtu mweusi kwa leza, anza na picha yenyewe

Mafunzo mengi ya kuchonga picha kwa leza yaliyoko mtandaoni hutumia sura za Wazungu. Unafuata kila hatua, unaweka kasi na nguvu zilezile walizotaja, halafu bwana harusi wa Kitanzania anatokea kwenye ubao akiwa doa jeusi lenye meno. Mashine yako ni nzima. Leza haina wino mweupe. Juu ya mbao kazi yake ni kuunguza tu, na kila penye giza kwenye picha pataungua. Uso wa kahawia iliyokolea una toni nyingi za katikati, yaani kati ya nyeusi na nyeupe, na ukiziacha zilivyo zote zitaungua kwa pamoja.

Kwanza upate picha inayofaa. Mteja akitaka kukutumia kwa WhatsApp, mwambie aitume kama dokumenti, maana ikitumwa kwa njia ya kawaida hubanwa na kupoteza mengi. Piga hesabu kabla ya kukubali kazi: picha ya upana wa sentimita 15, ikichongwa kwa mistari iliyoachana milimita 0.1, inahitaji pikseli 1,500 kwa upana. Hiyo ndiyo DPI 254, yaani nukta 254 kwa kila inchi. Ukiletewa picha ya pikseli 400 iliyokatwa kutoka picha ya kundi, sema ukweli mapema. Picha ya pasipoti ya marehemu babu ni afadhali uiskani kwa DPI 600 kuliko kuipiga kwa simu chini ya taa.

Kisha fungua GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha. Ondoa mandhari ya nyuma yote, geuza picha iwe nyeusi na nyeupe, halafu tumia kifaa chake cha Curves kuinua toni za katikati ziwe nyepesi. Inua mpaka uso uonekane umepauka kupita kiasi kwenye skrini. Najua mkono utasita, kwa sababu unaona unamharibu mtu, lakini uso unaopendeza kwenye skrini ukifika kwenye mbao unakuwa giza. Paji la uso, mgongo wa pua na vifupa vya mashavu viachwe karibu na weupe. Suti nyeusi na shingo visigusane bila mpaka. Kama vimeungana, ng'arisha kola kwa mkono. Mwisho pitisha Unsharp Mask ili macho, midomo na misuko ya nywele ishike kingo.

Programu ya leza, iwe LightBurn au LaserGRBL, itageuza picha hiyo kuwa nukta. Zikisongamana jicho linaona nyeusi, zikiachana linaona kijivu. Kwenye orodha ya njia za kupanga nukta, chagua Jarvis au Stucki. Ile njia ya kupandisha na kushusha nguvu kufuata toni naiepuka kwa picha, kwa sababu mrija wa CO2, ule wa gesi unaotoa mwanga wa leza, hauwaki sawasawa ukishushwa nguvu sana. Na usidanganyike kwamba DPI kubwa ndiyo ubora. Kama mwali wa leza yako una upana wa milimita 0.15 na mistari umeiweka milimita 0.05, nukta zinapandana na kazi yote ya Curves inapotea.

Baada ya haya yote, ushauri wangu mkubwa ni kwamba uso mweusi usiulazimishe kwenye mbao. Mshauri mteja achukue granaiti nyeusi iliyosuguliwa, jiwe la sleti, au alumini nyeusi iliyotiwa rangi kwa njia ya kiwandani iitwayo anodaizi. Vitu hivi vikipigwa leza hugeuka vyeupe au kijivu. Hapo unageuza picha iwe negativu, yaani nyeusi iwe nyeupe na nyeupe iwe nyeusi, leza inapiga palipo na mwanga tu, na ngozi inabaki kuwa jiwe lenyewe. Mng'ao wa paji la uso unajitokeza bila wewe kuhangaika, na huna haja ya kupandisha toni kwa ukali ule wa mbao. Kwa mawe ya makaburi sijaona kinachoshinda hili. Chagua granaiti yenye weusi uliotulia, isiyo na madoadoa makubwa. Leza ya CO2 haichimbi shimo pale, inavunja uso wa jiwe tu, kwa hiyo nguvu nyingi haziongezi kina. Zinafuta undani wa picha. Marumaru nyeupe inaandikika, ila picha haionekani.

Mteja aking'ang'ania mbao, mpe ya rangi nyepesi na yenye nyuzi tulivu. Msonobari una pete laini na pete ngumu. Leza inachimba laini na kuziruka ngumu, bibi harusi anabaki na mistari usoni. Mninga ni mzuri kwa majina na nembo, kwa picha nyuzi zake zinashindana na sura. Mpingo ni mweusi tayari, alama ya moto haionekani, labda uchimbe maandishi na kujaza rangi nyeupe. Plaiwudi nyepesi iliyopigwa msasa laini hunitosha kwa zawadi nyingi za send-off. Anza kuchonga kutoka mbele ya mashine kwenda nyuma iliko feni ya kuvuta moshi, ili moshi usipite juu ya sehemu uliyokwisha kuchonga.

Akriliki, hii tunayoiita perspex, zipo za aina mbili. Ile iliyomiminwa kwenye ukungu hugeuka nyeupe ya barafu ikichongwa. Ile iliyosukumwa kiwandani hubaki kama imeyeyuka tu. Muuzaji mara nyingi hajui tofauti, kwa hiyo jaribu pembeni. Wenye leza ndogo ya mwanga wa bluu wasipoteze hela kununua akriliki isiyo na rangi: mwanga wao unapita moja kwa moja. Lakini leza hiyohiyo inafanya maajabu kwenye vigae vyeupe. Unapuliza rangi nyeupe yenye titani dioksidi, unaiacha ikauke, unachonga, kisha unaosha kwa thina. Panapopigwa leza panabaki weusi usiofutika.

Kioo kifunike kwa karatasi laini iliyoloweshwa maji ya sabuni, ili kisimeguke vipande vikali. Chuma kitupu ni kazi ya leza ya faiba, ambayo ni aina nyingine ya mashine. CO2 haikiachi alama bila dawa maalumu ya kupuliza.

Sasa forex, ule ubao wa plastiki wa kutengenezea mabango. Hii ndiyo inayonitia hofu kwenye karakana za mabango, kwa sababu mabaki yake yamezagaa kila mahali na yanakatika kwa leza. Ubao wa forex ni PVC. Ukiuchoma unatoa gesi ya haidrojeni kloridi, ambayo ikikutana na unyevu inakuwa asidi: kwenye mapafu yako, kwenye lenzi, kwenye reli za mashine. Stika za vainili ni hivyohivyo, na ngozi nyingi za bandia. Usipojua plastiki uliyonayo, toka nje na waya wa shaba. Upashe moto mpaka uwe mwekundu, gusisha kwenye plastiki, urudishe kwenye moto. Ukiwaka kijani, kuna klorini. Kitu hicho kisiingie kwenye mashine hata kwa mteja anayelipa mara mbili.

Kwa walio Dar, Tanga na Mombasa kuna la ziada. Maelekezo ya mashine yanaweza kukuambia upoze maji ya mrija hadi nyuzi joto 18. Kwenye joto la pwani lenye mvuke mwingi, mrija uliopozwa hivyo unatoa jasho, na jasho juu ya umeme wa volti kubwa ni hatari. Mimi huweka karibu na nyuzi 25. Mjue pia kwamba chila (mashine ya kupoza maji) ya CW-3000 ni feni na rejeta tu, haiwezi kushusha maji chini ya joto la chumba. CW-5000 ina kompresa.

Kabla ya kuchonga picha nzima, kata kipande cha jicho moja na shavu kwa ukubwa halisi, ukichonge kwenye baki la ubao uleule au jiwe lilelile. Badilisha kasi, uangalie mboni na kivuli cha shavu vikitengana. Kinachokupendeza kipige picha umtumie mteja, na usianze mpaka akubali.