Shairi la kifo linalosomeka kama mhadhara

Ndugu, umeuliza kama uitoe falsafa kwenye shairi lako la kifo kwa kuwa wasomaji wanaliona mhadhara. Usiitoe! Hata Parmenides wa Elea, mwanafalsafa Mgiriki wa karne ya 5 KK, alijenga hoja zake kwa ushairi.

Andika kwanza hoja yako kwa sentensi moja ya nathari. Kisha ligeuze swali la hoja hiyo kuwa kibwagizo, yaani mstari unaorudiwa mwisho wa kila ubeti, na kila ubeti ulijibu tofauti, hata kwa kuupinga uliotangulia. Hapo msomaji anafikiri pamoja nawe. Kwenye tarbia (ubeti wa mishororo minne) ya mizani 16, yaani silabi 16 kwa mshororo, chunga vina, sauti zinazofanana mwishoni mwa vipande: kina kigumu kitakulazimisha upindishe hoja ili neno lipatikane. Afadhali ubadili kina. Punguza maneno ya dhana kama "umilele" na "uhalisia", weka vitu vinavyoonekana kama sanda na jembe. Ukitaka kulichapisha, lisomwe kwanza na malenga anayejua arudhi, yaani kanuni za utunzi wa mashairi.